Shibiri ya Wifi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Wifi yangu mpendwa, mama wa maneno,

Kabla sijasema lolote, hujambo? Na nyonga yako inasemaje wiki hii? Shemeji je, kile kikohozi chake kilichokuwa kinatusalimia kwenye simu kabla ya mwenyewe kimekwisha? Ukinijibu, nakuomba usiniandikie "sote wazima" halafu ukaruka kwenye mambo mengine kama ilivyo kawaida yako. Nitajie mmoja mmoja. Nyonga uipe ukurasa wake peke yake: ngazi unapanda au bado, unalalia ubavu gani, na ile fimbo umeiacha kweli au unaificha tu mkipigwa picha.

Sisi huku hatujambo. Mimi nimenenepa kidogo, lakini ni unene mzuri, umekaa mahali pake. Mdogo wako, huyu mume wangu, mzima, ila mgongo unamsumbua akiinama kufunga viatu. Namwambia avae ndala, anang'ang'ania viatu vya kamba. Mnafanana kwa ukaidi nyie watu, sijui mlinyweshwa nini.

Najua unajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Wifi, kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Halafu mimi nikiongea na simu jirani wa tatu anasikia, sembuse mdogo wako aliye chumba cha pili. Na hili ninalokuandikia halitakiwi kusikika. Ni siri ya nyumba nzima, na nimeapishwa. Nimeitunza kadiri nilivyoweza. Leo naitoa, na ukifika mwisho utaona mwenyewe kwamba sikuwa na njia nyingine.

Nianze na binti yetu. Siku hizi mtaani hakuna anayemwita jina lake, wanamwita Msasa, kwa jinsi asivyoacha kulainisha. Akishika kijiko cha mbao atakipapasa, atakunja uso, kesho yake utakikuta laini kama shavu la mtoto. Mimi nao wananiita Mama Msasa, nami naitika kwa mbali kabisa ili wengine nao wasikie.

Kazini kwake kutwa ni milango na makabati, vitu vya pembe nne. Anasema macho yake yanachoka na pembe. Kwa hiyo ameichukua ile stoo yetu ya kando ya jiko, pale tulipokuwa tunaweka baiskeli mbovu, ameifanya karakana yake. Amepiga meza nzito ukutani, ametundika misumeno, randa na patasi kwa ukubwa wake kama watoto wa shule mstarini. Ukipita pale asubuhi unanusa mbao mpaka unasikia njaa. Vumbi lake linatufuata hadi kwenye bakuli la sukari. Mdogo wako anakunywa chai yenye unga wa mbao na halalamiki, na mtu huyo unamjua anavyolalamika.

Sisemi haya kwa sababu ni mwanangu. Hata asingekuwa mwanangu ningesema, ila ningesema kwa sauti ndogo.

Sasa kaa vizuri. Msasa anatengeneza kiti cha bembea. Sisemi ile bembea ya watoto ya kamba. Nasema kiti cha mtu mzima, chini kina mbao mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, ukikaa kinakuyumbisha mbele na nyuma polepole bila wewe kutoka jasho. Na hakina pembe hata moja. Mguu unapopanda kukutana na kikalio huoni umeishia wapi, unaona tu umekuwa kikalio, kama shingo inavyokuwa bega. Watu wanakuja kukitazama wakitokea dukani na dawa zao mkononi.

Na kiti hicho, wifi, ni chako. Basi. Nimesema. Mungu anisamehe, na mdogo wako akipenda naye anisamehe.

Unakumbuka ile siku ulipomwambia mdogo wako kwamba huji tena? Safari unaiweza, daktari aliyekupasua nyonga alikuruhusu, uliniambia kwa mdomo wako. Ulisema tatizo ni ukishafika: kiti kirefu nyonga inakataa, kiti kifupi hunyanyuki, kochi letu linakumeza, na mgeni gani huyo wa kusimama ukutani kama kalenda? Kisha ukasema, "Basi, tutaonana kwa sauti." Ukacheka. Wewe ulicheka, wifi. Mdogo wako aliweka simu mezani, akaipangusa kioo kwa shati lake kana kwamba imelowa, akatoka nje. Aliporudi aliniuliza, "Mtu anaonekanaje kwa sauti?"

Kesho yake alikwenda akasimama mlangoni pa stoo. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia yote.

"Kuna fundi humu anayeweza kutengeneza kiti cha mtu aliyeshonwa nyonga, akae kutwa bila kuumia?"

Msasa hakuinua kichwa. "Nani anauliza?"

"Mdogo wa mtu."

"Mwambie huyo mdogo wa mtu alete mbao."

Hapo ndipo lilipoanza. Tukakubaliana usiambiwe, kwa sababu tunakujua. Utasema "msijisumbue", na ukishalisema hilo neno hata trekta halikutoi. Tulitaka kiti kiishe, tukipige picha, tukutumie picha bila maneno. Halafu uone aibu, upande gari.

Kuhusu mbao, usipige kelele kwanza. Imetoka kwenye ile meza kubwa ya marehemu mama mkwe. Tulia! Miguu yake mchwa walikuwa wameshaimaliza, ilikuwa imesimama kwa heshima tu. Lakini uso wa meza ulikuwa mzima, mbao nyekundu, nzito, kavu kuliko yoyote ya dukani. Mdogo wako mwenyewe ndiye aliyeugeuza tukauona kwa chini. Aliusugua kwa kiganja muda mrefu. Kisha akasema mama yenu asingekataa, angeuliza tu nani atafagia.

Na lile doa lako lipo. Doa la pasi, lile uliloliunguza ulipokuwa unampigia mdogo wako pasi shati la shule huku umegeuka dirishani kutazama sijui nini, na mpaka leo hujatuambia ulikuwa unamtazama nani. Msasa alitaka kulikata alitupe. Baba yake akamwambia hilo ndilo la thamani kuliko ubao wote. Sasa ameliweka kwenye mkono wa kulia wa kiti, kule mwishoni kiganja kinapolala. Ncha ya pasi, nyeusi, umbo la jani. Ukikaa litakuwa chini ya kiganja chako.

Kazi yenyewe, wifi, sikujua kama mbao inaweza kutii hivyo. Zile mbao za chini za kuyumbisha hazikukatwa zikiwa zimepinda. Amepasua vipande vyembamba kama rula, akavipaka gundi kimoja baada ya kingine, akavilaza vyote pamoja juu ya umbo lililopinda, akavikaza kwa vibanio vya chuma mpaka gundi ikashika. Mimi ndiye niliyekuwa naupa mkono wake vibanio, na nakwambia bila mimi gundi ingekauka ikiwa ndani ya kopo. Alipovifungua, kile kitu kilibaki kimepinda chenyewe, hakirudi, hata ukikikanyaga. Nilikikanyaga. Alinifukuza stoo siku nzima.

Kikalio alikichimba kwa patasi, kisha tupa, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, mpaka pakatokea mabonde mawili, kila kalio na bonde lake. Nisamehe lugha, lakini ndivyo kilivyo. Fito za mgongo zimepinda kuufuata uti wa mgongo, zinakushika pale kiunoni panapochoka. Nilipokaa mara ya kwanza nilitoa sauti ambayo sitaiandika.

Sasa ndiyo tunafika penye jambo.

Unakumbuka nilivyokupigia nikakuuliza urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lako? Ukanicheka, ukasema, "Wifi, unataka kunishonea soksi?" Nikasema ndiyo, soksi, za baridi. Ukasema huna futikamba karibu, utapima kwa mkono. Nikakusikia unahema ukiinama, maskini, na nyonga hiyo. Ukaniambia: shibiri mbili na vidole viwili. Nikakushukuru, nikakata simu, nikajiona mjanja kuliko polisi.

Nikaenda stoo, nikatanua mkono wangu juu ya futikamba, kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mara mbili, nikaongeza vidole viwili. Nikamsomea Msasa namba. Akaiandika ukutani kwa penseli. Akakata miguu ya kiti kwa namba hiyo.

Umeshaelewa? Mimi sikuelewa. Kiti kiliposimama, zile mbao za chini zikiwa zimeshikizwa kwa vibanio tu, bado hazijatiwa gundi, nilikaa, na kilinikaa kama nimezaliwa nacho. Miguu yangu chini, magoti sawa, mgongo umelala. Nikawaambia, mnaona? Mimi ndiye niliyepima! Nikayumba mbele, nikayumba nyuma, nikaomba chai niletewe hapo hapo.

Msasa akasema tumjaribishe mtu mwingine. Akaenda kumwita Sindano, yule mshonaji wetu mwembamba wa nyumba ya pili, ambaye safari yako ya mwisho mvua ilipokulowesha ulivaa gauni lake na likakutosha kama lako. Sindano akaja na futikamba yake shingoni. Akakaa.

Wifi, miguu yake ilining'inia. Alikuwa kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Na alipoegemea tu, kiti kikampeleka nyuma, akataka kukizuia kwa miguu, miguu haina pa kukanyaga. Akabaki amelala vile anatazama dari, viatu vimedondoka, anapiga kelele, "Nishusheni! Nimekuja kukaa, sikuja kuruka!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mdogo wako naye alicheka, nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu ile simu.

Msasa hakucheka. Alimshusha Sindano, akakitazama kiti, akatazama ile namba ukutani. Kisha akanigeukia.

"Mama. Shangazi alipima kwa shibiri?"

"Kwa shibiri, ndiyo."

"Na ulipokuja hapa, ulipima kwa mkono wa nani?"

Nikautazama mkono wangu. Unaujua mkono wangu, wifi. Ni mkono wa kukanda unga wa watu ishirini, ukinipa mkono kiganja chako kinapotea. Nikasema, "Kwa mkono. Mkono ni mkono." Basi Sindano akaja akaweka wake juu ya wangu, ukawa kama kifaranga juu ya kuku.

Mdogo wako ndiye aliyekuja kuliongea, na aliliongea kwa upole. Alisema nyumbani kwenu kitu kilipoangukia ndani ya mtungi ni wewe uliyeitwa, kwa sababu mkono wako ndio pekee uliopita shingoni. Akasema alikuwa amesahau. Kisha akatoka, nikamsikia anapiga nyundo huko mbele. Amekuwa akikutayarishia kile chumba cha mbele, amekwisha kukitoa kizingiti usijikwae, na siku hiyo sikujua kama anaendelea na kazi au anapiga tu.

Binti yangu alikaa juu ya maranda ya mbao, magoti kifuani. Nilidhani atasema maneno, na ningeyapokea. Akasema tu, "Ningemweka Shangazi humo, asingeweza kutoka. Na nyonga hiyo." Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Maana ungekuja, wifi, ungekaa kwa adabu, ungeumia kimyakimya, ungesema kizuri sana, na usingerudi tena.

Lakini sikiliza sasa, hakijaharibika. Bahati ni kwamba hakutia gundi zile mbao za chini. Miguu inaweza kupunguzwa. Ila amenieleza, na mimi sasa nakueleza kama fundi: inapunguzwa mara moja tu, mbele na nyuma kwa hesabu yake, ukikosea kiti kinakaa kikiinamia mbele kama mtu anayetafuta sindano, na mbao ya ile meza imekwisha. Nikamwambia akate kwa kipimo cha Sindano. Akakataa. Akasema Shangazi si Sindano, goti la mtu aliyeshonwa nyonga halikunji kama la wengine.

Na kuna mikono ya kiti. Yote imekamilika isipokuwa ile ncha ya kulia yenye doa la pasi, bado ni kipande kinene, hajakichonga. Anataka kiganja chako kikae pale kama yai kwenye kiota, uweze kukandamiza na kunyanyuka bila kuitegemea fimbo. Kiganja hicho hana. Hawezi kukikisia, wala mimi siruhusiwi kukisia kitu chochote tena humu ndani.

Kwa hiyo nimevunja kiapo. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi moja kubwa ambamo nimechora mkono wangu kwa kalamu, vidole vimetanuliwa. Weka wako juu yake, wa kulia, dole gumba juu ya dole gumba. Chora wa kwako ndani ya wangu. Zile nafasi zitakazobaki kati ya mstari wako na mstari wangu ndizo Msasa atakazozikata. Halafu nenda dukani kanunue futikamba, wifi, usione haya, upime tena lile goti, shemeji akushikie huku umesimama wima. Andika namba nyuma ya karatasi. Usiandike shibiri!

Na kama unaona kuchora ni kazi, usichore. Njoo na mkono wenyewe. Msasa anasema hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, akupime ukiwa pale, akate ukiwa pale, na kiti ukitie gundi wewe mwenyewe. Kochi nimeliwekea mto mgumu wa muda, nimeujaribu, unafaa. Chumba kinanuka rangi mpya. Kuna dirisha, utageuka utazame utakachotazama, hakuna pasi.

Mengine ni madogo. Mwanangu wa kwanza amehamia nyumba yenye bomba ndani, hajambo, anakusalimu, anasema mama asiruhusiwe kupima kitu. Sindano anakusalimu pia, na anasema lile gauni alikuwekea, ni lako sasa. Msalimie shemeji sana, umwambie dawa ya kikohozi ni kunyamaza. Wasalimie watoto wote, yule mkubwa na hao pacha, uwabusu kwa niaba yangu hata wakikimbia.

Mungu aishike nyonga yako kwa mkono wake mwenyewe, ambao hauhitaji kupimwa. Akupe usingizi wa upande wowote uutakao. Akufungulie njia, akufikishe mlangoni petu, na mimi niwe wa kwanza kukuona, kabla ya mdogo wako, maana yeye atalia na kunizibia njia.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, hata ukininunia,
Mama Msasa

Nyongeza: Nilikuwa nachora ule mkono mezani, mdogo wako akanifuma. Nikaficha barua chini ya sinia lakini karatasi kubwa aliiona. Nilijiandaa kugombezwa. Alivuta kiti, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaweka mkono wake kando ya wangu, akauchora taratibu, mpaka kile kidole chake kilichopinda. Kisha akaniambia nisisahau kubandika stempu. Kwa hiyo utakuta mikono miwili badala ya mmoja. Wangu ni ule mkubwa, wa kukosea. Usijali kupima, wifi, wewe weka tu wako. Nafasi ipo.